Kipande Nilichokikata

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Hasira hiyo sikuiokota njiani. Nyumbani kwetu Wusi kila mtu alikuwa na yake. Tofauti ni kwamba yangu hutoka mdomoni papo hapo, nikimaliza naomba chai. Ya baba ilikuwa ya kukaa. Iliingia, ikatafuta kiti, ikaketi, na wala haikuwa na haraka ya kuondoka.

Baba na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, walikuwa hawajasemezana miaka saba. Miaka saba, na mashamba yao yamepakana! Chanzo kilikuwa maji. Kule kwetu milimani maji ya kijito tunayaleta mashambani kwa mfereji, na mfereji una zamu: leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Shamba la baba mdogo liko juu, letu liko chini yake. Kiangazi kimoja baba mdogo alifunga maji siku ya zamu yetu, kabichi zote za mama zikakauka. Baba wakati huo alikuwa karani katika mashamba ya mkonge kule chini Mwatate, na kuja nyumbani milimani alipanda Jumamosi tu. Alipofika akaambiwa, akaenda kumuuliza mdogo wake. Akajibiwa mbele ya watu, "Shamba ni la anayelima. Wewe ni mtu wa mkonge, rudi kwa mkonge wako."

Baba aligeuka akaenda zake, na kuanzia siku hiyo akawa hamwoni mdogo wake hata akimpita begani. Likitokea jambo la lazima, wajumbe tulikuwa sisi watoto. Baba ananiambia, "Mwambie baba yako mdogo ng'ombe wake ameingia kwetu." Na baba mdogo mwenyewe yuko pale pale, hatua mbili, anasikia kila neno! Lazima nigeuke nimwambie, naye anijibu, "Mwambie baba yako nimesikia." Nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka moto.

Aliyeumia kuliko wote ni nyanya, mama yao. Alikuwa ameshazeeka, macho yana ukungu, anaona umbo la mtu lakini uso haoni. Nyumba yake ilikuwa katikati ya nyumba zao mbili, kwa hiyo uadui wote ulimpitia mlangoni. Alikuwa na neno lake moja, alilisema kila tukimpelekea uji: "Nikifa hawa hawajapatana, msinizike. Niwekeni hapo njiani, wawe wananiruka wakienda shambani." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni, na nilijua kwamba akiomba Mungu, anaomba hilo tu.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikaa nyumbani karibu mwaka nikipalilia na kununa. Kisha tukasikia kwamba kule Voi kuna chuo kidogo kimeanzisha darasa la kufundisha vijana kupiga picha za sinema. Nia yao ilikuwa tutengeneze picha za kuwafundisha wakulima mambo ya matuta, majosho na mboga, halafu gari lizunguke nazo vijijini. Nilikwenda kwa ubishi tu, kwa sababu binamu yangu mmoja alisema hiyo si kazi ya wasichana. Tulichukuliwa sita, wasichana wawili, mimi na mwenzangu wa kutoka Taveta.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hivi kwamba hata akikukaripia unahisi umesifiwa. Sisi watu wa milimani Kiswahili tulikuwa tunakivunja vunja tu. Alikuwa anatuambia, "Wanangu, kamera na lugha ni mamoja. Polepole." Mwezi mzima alitupigisha picha bila filamu ndani ya kamera. Nasema kweli! Filamu ilikuwa haba, kwa hiyo tulizunguka Voi na kamera tupu juani, tunapiga picha treni, mbuzi, wanawake wa sokoni waliotutukana, na jioni tunamweleza mwalimu tulichokiona kana kwamba kipo.

Kamera yenyewe ilikuwa nzito na haikutaka umeme. Ilikuwa na ufunguo ubavuni, unauzungusha kama wa saa ya mezani, halafu inakwenda yenyewe, trrrr, haifiki hata nusu dakika, inachoka. Kwa hiyo ilibidi ujifunze kuhesabu moyoni huku unachungulia. Sheria ya kwanza ya mwalimu ilikuwa: jicho moja kwenye kitundu, la pili wazi. "La kwanza linatazama picha, la pili linatazama mtu," alisema. Mimi hilo lilinishinda. Nikichungulia, jicho la pili linajifunga lenyewe. Alinigonga begani kwa kalamu mara ngapi sijui, akachoka.

Ulipofika wakati wa picha ya mazoezi, ile ya filamu ya kweli, kila mmoja alitakiwa alete hadithi fupi. Wenzangu walileta josho, matuta, mama anayechemsha maji ya kunywa. Mimi nilileta ndugu wawili wanaogombania maji ya mfereji, kisha wanapatana. Mwalimu akaipenda hapo hapo. Akauliza, "Na wachezaji tutawapata wapi?" Nikasema, "Ninao."

Sasa hapo msinihukumu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona nina akili kuliko wazee wote wa Wusi. Niliwaza hivi: hawa watu wameshindwa kupatana kwa kweli, basi wapatane kwa mchezo, na mchezo utageuka kweli. Nilikwenda kwa baba mdogo nikamwambia baba ameshakubali. Halafu nikamngoja baba Jumamosi nikamwambia baba mdogo ameshakubali. Kila mmoja akaona akikataa yeye ndiye ataonekana mbaya kwa mama yao. Nyanya nilimweleza njama yote. Alinishika mkono akasema, "Wewe mtoto ni mwongo. Endelea."

Lakini baba alikuwa na sharti. "Nitacheza ugomvi," alisema, "lakini kutasa sitaigiza."

Ni lazima niseme kutasa ni nini, maana hata vijana wa kwetu wa siku hizi wanalisikia tu. Kwetu sisi Wadawida, watu wa milima hiyo, ukiwa na kinyongo na nduguyo, kusema tu "yameisha" haitoshi. Unachukua maji kinywani, au zamani pombe ya miwa, unayapuliza nje yawe manyunyu, na unasema maneno ya kuitoa ile hasira moyoni na kumtakia mwenzio heri. Hasira inatoka na maji. Ukipuliza huku bado umeishika moyoni, basi umejidanganya, na wazee waliamini kwamba uongo huo unaweza kumletea mtu ugonjwa nyumbani. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, baba alikuwa mzee wa kanisa kabisa, lakini katika jambo hilo hakuna aliyefanya mzaha.

Nilimwambia, "Baba, ni picha tu. Tena haina sauti. Hakuna atakayesikia maneno." Akasema, "Mimi nitasikia." Nikaliacha hapo. Nilijua siku yenyewe, mbele ya watu na mbele ya mama yake, hatakuwa na pa kutokea.

Tulipanda Wusi na Landrova ya chuo asubuhi ya Jumamosi moja yenye jua zuri. Kijiji kizima kilikuwa mferejini kabla yetu, watu wamevaa nguo za Jumapili. Tulianza na ugomvi. Mwalimu aliwaweka ndugu wawili pande mbili za mfereji akasema, "Haya, gombaneni!" Nikazungusha ufunguo, nikachungulia, nikabonyeza. Baba akageukia kamera akasema, "Mwambie baba yako mdogo afungue maji." Baba mdogo naye akanigeukia, "Mwambie baba yako sifungui." Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu alikuwa haelewi. "Kata! Wazee wangu, semezaneni nyinyi kwa nyinyi!" Tukarudia mara ya pili, hawakuweza. Midomo ilikuwa imesahau njia. Mwishowe tuliacha maneno. Baba mdogo akafunga mfereji kwa udongo na mawe, baba akasimama akitazama mboga. Hiyo walifanya vizuri kupita kiasi. Sikuhitaji kuwafundisha kitu.

Ndipo tukafika kwenye kupatana. Nyanya alikuwa ameletwa, amewekwa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, shuka begani. Watu wote tuliwapanga nyuma ya ndugu wawili, na ndugu tukawageuza watazame kamera, ili nyuso zionekane vizuri na milima iwe nyuma yao. Yaani aliyekuwa mbele ya nyuso zao ni mimi peke yangu na ile mashine. Wenzangu wengine walikuwa kando wameshika karatasi za kuakisi mwanga.

Mwenzangu wa Taveta akaleta maji katika kibuyu kilichokatwa nusu. Baba akanitazama. Jicho hilo ningeliweza kulisoma, lakini sikutaka. Akamtazama mama yake, naye alikuwa ameinua uso, anangoja kwa masikio. Mwalimu akasema kwa upole, "Mzee wangu, fanya tu kama ulivyozoea." Baba akavuta pumzi, akasema sawa.

Nilibonyeza nikaanza kuhesabu. Baba mdogo alichukua maji, akayapuliza juu ya mfereji, manyunyu yakang'aa juani, na akasema maneno kwa Kidawida, kwa sauti kubwa, mpaka wanawake nyuma wakaitikia. Nikafika kumi na mbili. Baba akachukua yake. Mimi nilikuwa nawaza mwanga, nawaza ufunguo utaniishia, nawaza kichwa chake kisikatwe juu. Kumi na tano, kumi na sita. Nikasikia pfff. Akafuta mdomo. Ishirini. Kamera ikachoka, ikasimama.

Nyanya alikuwa analia. Hakulia kwa kelele, machozi yalikuwa yanajiteremkia tu, na anasema, "Wote wawili? Nimesikia wote wawili?" Wakamwambia ndiyo, wote wawili. Baba mdogo akaingia mferejini na viatu vyake, akabomoa ule udongo kwa mikono, maji yakateremka shambani kwetu. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya mwalimu. Alilifanya mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kamera iliyosimama, nalia pia, na nimejaa kiburi, najiambia: umeona? Umefanya wewe.

Filamu ilipelekwa Nairobi kwa treni kuoshwa, na tukangoja wiki tatu. Katika wiki hizo tatu nyanya alinenepa. Alikwenda kanisani akashukuru mbele ya watu. Alianza kuzungumzia mazishi yake kwa furaha, nani abebe jeneza upande gani. Baba mdogo alituletea ndizi na maji yakaja siku ya zamu yetu bila kukosa. Mama alipanda kabichi. Baba akaja Jumamosi mbili, akala, akajibu salamu za mdogo wake kwa kichwa, akarudi Mwatate mapema. Nilidhani anaona aibu ya furaha. Watu wazima nao wana mambo yao.

Mkanda uliporudi, mwalimu alitufundisha kukata na kuunganisha. Tulikuwa na mashine ndogo ya mezani yenye kioo, unazungusha filamu kwa mkono, na picha zinapita polepole kadiri unavyotaka, moja moja. Ukipata pa kukata unatia alama, unakata, unakwangua ncha, unapaka gundi, unabana. Kazi ya mikono mitulivu. Mimi ambaye sina utulivu hata wa kuchambua mchele, kazi hiyo niliipenda kuliko zote.

Siku ya kukata picha za kutasa nilikuwa peke yangu chumbani, mchana, feni inazunguka. Nikaona baba mdogo akipuliza, manyunyu yale yakining'inia hewani. Nikazungusha. Baba anachukua maji. Baba amefunga mdomo. Nikazungusha tena picha moja, nyingine, nyingine. Koo lake likapanda. Koo likashuka. Nikarudisha nyuma. Likapanda, likashuka. Halafu ndipo anatoa midomo mbele na kupuliza, na hakuna kitu kinachotoka. Hewa tupu.

Baba alikuwa ameyameza.

Haki ya Mungu, nilisimama kiti kikaanguka. Damu ilinichemka. Mzee wa kanisa! Anamdanganya mama yake kipofu mchana kweupe, na mdogo wake anabomoa udongo kwa mikono! Nilikuwa natembea chumbani nikiongea peke yangu kwa Kidawida, mpaka mwalimu akaja kuangalia kuna nini. Nikamwonyesha kwenye kioo, nikamweleza yote, hata ule uongo wangu wa mwanzo. Akasema, "Mwanangu, ndiyo maana nilikwambia jicho la pili liwe wazi." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Picha ni yako. Ukiliacha koo, mama yake ataambiwa. Ukilitoa, hakuna atakayejua. Mimi siwezi kukuchagulia."

Nilichagua haraka, kama ninavyofanya kila kitu. Nilimwona nyanya kwenye kile kiti, anauliza nimesikia wote wawili. Nikasema potelea mbali. Nikakata kipande chenye koo, hakikuzidi kiganja changu kwa urefu. Mahali pake nikaweka uso wa nyanya, ambao mwenzangu wa Taveta aliupiga kwa mazoezi asubuhi ile. Kwa hiyo ikawa hivi: baba mdogo anapuliza, baba anachukua maji, nyanya ameinua uso, baba anafuta mdomo, na mwisho maji yanayoteremka, niliyoyapiga baadaye siku ile ile. Ukitazama, unaapa umemwona baba akipuliza. Nilirudia kuitazama mara nyingi, na lazima niseme ukweli, nilijivunia. Ilikuwa kazi safi. Wenzangu waliisifu, hata mwalimu alitikisa kichwa akasema, "Unajua kukata, wewe." Lakini hakutabasamu alivyozoea.

Baba sikumwambia kitu. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilitaka aje aone mwenyewe kwenye picha kwamba nimemfichia siri, asipate hata nafasi ya kunishukuru. Ndivyo nilivyokuwa.

Tulionyesha picha Wusi Jumamosi alasiri, katika darasa la shule ya msingi. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, ukutani tukatundika shuka, jenereta ikawekwa nje ikinguruma mbali kidogo. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nyanya alikaa karibu nami mezani penye mashine ya kuonyeshea picha, ili nimsimulie. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele. Baba aliingia mwisho, amevaa koti lake la kanisani, hakutaka kukaa, alisimama ukutani.

Picha ikaanza, watu wakapiga kelele za kujiona. Ugomvi ukawavunja mbavu. Kisha kutasa. Baba mdogo akapuliza, watu wakaguna kwa kuridhika. Nikamnong'oneza nyanya, "Sasa baba anachukua maji." Ukaja uso wake mwenyewe ukutani, mkubwa kuliko mlango, na darasa zima likasema "Aaa!" Nikamwambia, "Nyanya, hapo ni wewe." Akacheka, akajishika shavu. Baba akafuta mdomo. Maji yakateremka. Mwisho. Walipiga makofi mpaka vumbi likaruka.

Makofi yalipopungua nikasikia sauti ya baba kutoka ukutani. "Rudisha."

Nikasema, "Baba, imeisha."

"Rudisha pale pangu. Pana kitu kimetolewa."

Watu wakageuka. Mikono yangu ilikuwa juu ya mashine na haikujua la kufanya. Baba akaja mbele polepole, akasimama kwenye ule mwanga mweupe, kivuli chake kwenye shuka. Hakututazama sisi, alimtazama mama yake.

"Mama, mimi nilimeza."

Nyanya akageuza sikio upande wake.

"Nilitaka kuyatema. Yalifika hapa," akajigusa koo, "nikakumbuka maneno niliyoambiwa, yakarudi chini. Nikapuliza hewa. Nilikuona unalia nikashindwa kukwambia. Lakini nilijua ile mashine imeniona. Wiki zote hizi nimekaa kule mkonge nikingoja siku hii, nikisema, haya, picha itanisemea nililoshindwa kusema. Leo nimekuja niaibike niishe." Akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali. Afadhali ingekuwa. "Na mtoto wangu amenifunika."

Sijawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baadaye. Nilidhani namkinga nyanya na uongo wa baba. Kumbe baba alikuwa amejileta mwenyewe kwenye ukweli, na mimi nimemfungia mlango.

Baba mdogo alisimama. Alitembea kati ya watu bila kumtazama mtu, akatoka nje. Mlango ukagonga ukuta. Nikajiambia, basi, imekwisha: miaka saba imerudi, na mingine saba juu yake, na nyanya atakufa hivi hivi, na aliyeharibu ni mimi na kiganja changu cha filamu. Baba alisimama kidogo kwenye mwanga. Kisha naye akatoka, haraka, akimfuata.

Tukasikia sauti. Mwanzo moja, kisha mbili. Mwalimu, ambaye alikuwa dirishani, akainua ncha ya blanketi akachungulia, akanijia upesi. Kamera ilikuwa mezani, na ndani yake kulikuwa na filamu iliyobaki. Akanisogezea. "Nenda," akasema kwa sauti ya chini. "Picha kama hii hutaipata tena."

Alikuwa mwalimu mzuri, na kwa kazi yake alisema kweli. Nilikwenda dirishani mikono mitupu.

Walikuwa kwenye uwanja wa shule, uso kwa uso, karibu kugusana. Baba mdogo alikuwa ananyoosha kidole kwenye kifua cha baba, baba anakisukuma. Watu wakiniuliza kama walipatana, nawajibu ndiyo, walikuja kutasa kweli mwezi uliofuata, nyumbani kwa nyanya, mlango umefungwa, na mimi sikuitwa. Lakini hilo nilisimuliwa tu. Nililoliona kwa macho yangu mawili ni lile la uwanjani.

Nyanya alikuwa ananiita. "Wewe. Wanafanya nini?"

Nilitaka kumdanganya tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikaliacha. "Wanagombana, nyanya."

"Wanapigana?"

"Hapana. Wanafokeana. Baba anamwambia habari ya kabichi. Baba mdogo anasema kumbe yeye alikuwa akiona haya kila Jumamosi. Baba anamwita mpumbavu."

"Anamwita nani?"

"Baba mdogo."

"Anamwambia yeye mwenyewe? Hajamtuma mtu?"

"Anamwambia yeye mwenyewe, nyanya. Kwa mdomo wake."

Mimi nikaogopa. Nikapiga magoti karibu naye nikaanza kumwomba msamaha kwa yale yote, kwa njama na kwa kukata. Akaniweka kidole mdomoni ninyamaze, ameinamisha kichwa upande wa dirisha.

"Ondoa hilo blanketi," akasema. "Nataka kuwasikia wanangu."